UZI: Babu yangu wa Uru, mkulima wa kahawa aliyebeba ukoo, mfereji na ushirika

Mleta uzi:

Wanajamvi, salaam. Nimeahidi kwa muda mrefu kuandika juu ya babu yangu mzaa baba, nikawa naahirisha kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika wasifu wa msibani, ule unaosomwa kabla ya salamu za rambirambi na ambao humfanya kila marehemu awe mpole na mwenye subira. Babu hakuwa mpole. Alikuwa mkali, mbishi, na mtu asiyesahau aliyemwazima kopo la mrututu, ile dawa ya mibuni, mwaka gani. Ninalotaka kuliweka hapa ni kwamba wazee wa aina yake, ambao takwimu zinawaita wakulima wadogo, walikuwa waendeshaji wa taasisi. Waliendesha mfereji, chama cha msingi, kamati ya shule na baraza la ukoo bila ofisi wala posho, tena baada ya kutoka shambani, na sisi wajukuu tulikuja kulitambua hilo pale kazi hizo zilipokosa mtu.

Alizaliwa Uru, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo, lakini familia ilihesabu kuwa ni mwaka ule wakulima wa Kichagga walipoanzisha chama chao cha kwanza cha kahawa, KNPA (Kilimanjaro Native Planters Association), yaani 1925. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wameshaipanda kahawa ya arabika Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ofisa wa Kiingereza Charles Dundas akawahimiza wenyeji nao waipande, jambo ambalo walowezi hawakulipenda hata kidogo, kwa kuwa mtu mwenye mibuni yake haendi kuwa kibarua kwenye mibuni ya mwingine. KNPA, ambayo Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo, ilikuwa chama cha kupambana na wadudu wa kahawa na wakati huo huo chama cha kulinda haki ya kuilima. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Babu alikuwa kijana mdogo mwaka 1937, wakulima walipoukasirikia ushirika huo kwa sababu ya bei ndogo hadi baadhi ya maghala yakavamiwa, na alipenda kutukumbusha habari hiyo kila aliposikia mtu akisema kwamba wazee wa zamani walikuwa watiifu.

Kihamba alichorithi, yaani shamba la nyumbani la ukoo, hakikufika ekari mbili. Wasiojua mpangilio wa kihamba wanaweza kudhani ni msitu: juu kabisa ipo miringaringa na miruka inayotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, huku viazi vikuu vikipanda kwenye vigogo. Ng'ombe wawili walifugwa ndani mwaka mzima, majani wakiletewa, na samadi yao ndiyo iliyoifanya ardhi ile ile ilishe vizazi kadhaa bila kupumzishwa. Mahindi, maharage na ulezi vililimwa kwenye shamba la tambarare, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipoutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko huko kwetu Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani, nilimweleza babu habari hiyo kwa furaha kubwa. Aliuliza kama bei ya kahawa itapanda.

Kuhusu kahawa yenyewe alikuwa na msimamo ambao ulituchosha sana utotoni. Zilichumwa zilizoiva nyekundu tu, na mtoto aliyechanganya na za kijani alikaa chini na kuchambua kikapu chote upya. Zilimenywa jioni ile ile, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyofungwa kwenye gogo karibu na bomba, kisha zikalazwa kwenye pipa zichachuke ili ule utelezi utoke. Hakutumia saa kujua kama zimechachuka vya kutosha. Aliingiza mkono, akachota kiganja kimoja, akasugua; zikiteleza bado, zikikwaruza kama kokoto ni wakati wa kuosha, hata kama ni usiku wa manane. Baada ya hapo ni vichanja, wiki moja au mbili za kugeuza na kufunika, na hofu ya mawingu. Mvua ikianza kudondoka, kila mtu nyumbani aliacha alichokuwa anafanya, hata mgeni, na hata padre aliyekuja kutembelea aliwahi kushika upande mmoja wa kichanja.

Sasa nifike kwenye mfereji, ambao sisi tunauita mfongo. Watu wengi wanajua kahawa ya Kilimanjaro na hawajui kwamba maji ya mlima yalifika kwenye vihamba kwa mifereji iliyochimbwa na koo zenyewe, bila vipimo vya kihandisi, ikifuata ubavu wa bonde kwa kilometa nyingi. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliiandika kwa mshangao. Kuchimba mfereji ni kazi ya kizazi kimoja, ila kuutunza ni kazi ya kila mwaka, na hapo ndipo babu alipotumia nguvu zake. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mfereji wetu kwa miaka mingi. Mvua za masika zikishaharibu kingo, pembe ilipigwa alfajiri, na kila kaya ilitoa mtu mwenye jembe au panga. Aliyekosa bila udhuru alitozwa faini, mara nyingi ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na faini hiyo ilinywewa hadharani mbele yake, adhabu ambayo naamini ilikuwa na nguvu kuliko hukumu ya mahakama ya mwanzo.

Ugumu wa kweli ulikuwa kugawa maji wakati wa kiangazi. Maji yalikusanywa usiku kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, yakafunguliwa asubuhi kwa zamu, na kila mwenye zamu alijua ni lini afungue na ni lini azibe kwa magome ya mgomba na udongo. Ugomvi ulitokea hapo. Jirani akichelewa kuziba kwa nusu saa, mwenye zamu inayofuata anapoteza mboga zake. Nakumbuka babu akitoka usiku na kandili, akiwa amejifunga koti la zamani la jeshi alilonunua mnadani, kwenda kukaa kwenye mgawanyo wa maji hadi kukuche kwa sababu ndugu wawili walikuwa wametishiana mapanga. Hakuwahubiria. Aliketi tu pale juu ya jiwe na kiko chake, akaangalia maji yanakwenda kwa nani, na kulipopambazuka akawataka wote wawili waje na masale. Kwetu mtu akikuletea jani la sale kuomba radhi huwezi kulikataa bila kujiletea aibu, na kwa kuwa wote wawili walileta, hakuna aliyeonekana kushindwa.

Nitaendelea na habari za ushirika katika bandiko linalofuata, maana hili limekuwa refu.

Mchangiaji kutoka Muleba:

Mkuu, asante kwa uzi huu. Sisi wa Kagera tunasema kibanja badala ya kihamba, lakini picha ni ile ile: migomba, mibuni, ng'ombe, na mzee mmoja ambaye kila mtu anapita kwake kabla ya kwenda kwa mtendaji. Tofauti ni kwamba kahawa yetu kwa sehemu kubwa ni robusta, hatuioshi, tunaianika na ganda lake. Ushirika wetu, BNCU, ulianza 1950, kwa hiyo mlitutangulia. Ningependa kujua babu yako alipokeaje kuvunjwa kwa vyama vya ushirika, kwa sababu wa kwangu hakuliongelea jambo hilo hadi anakufa.

Mleta uzi:

Mkuu wa Muleba, umenipeleka moja kwa moja nilikokuwa naelekea.

Babu aliingia kwenye kamati ya chama chetu cha msingi katika miaka ya 1950, wakati bei ya kahawa ilikuwa nzuri na nyumba za bati zikiongezeka mlimani. Alikuwa na elimu ya darasa la nne ya misheni, mwandiko mzuri, na kichwa cha hesabu. Kazi yake kubwa siku za mavuno ilikuwa kusimama kwenye mizani. Mkulima alileta gunia lake la kahawa ya maganda, likapimwa, likaandikwa kwenye kitabu cha chama na kwenye kadi ya mkulima, akapata malipo ya awali, kisha akasubiri kahawa ikobolewe, iuzwe kwenye mnada Moshi, ndipo aje apokee malipo ya pili na, mwaka ukiwa mwema, ya mwisho. Mfumo huo wote unasimama juu ya imani kwamba aliyeandika kilo themanini hakuona sabini na tano. Babu alikuwa akipima gunia la mkewe na la nduguze mbele ya watu, tena mwisho, baada ya wengine wote.

Vyama vilivunjwa Mei 1976. Kijiji kikawa ndicho chama, na ununuzi wa kahawa ukaenda kwa mamlaka ya serikali. Hakupinga kwa maneno. Alikuwa mwanachama wa TANU wa miaka mingi na alimheshimu Mwalimu Nyerere hadi mwisho. Ila siku ya kukabidhi mizani, vitabu na funguo za ghala kwa uongozi wa kijiji, alidai orodha iandikwe, kitu kimoja kimoja, na isainiwe na pande zote mbili, pamoja na viti vilivyovunjika. Viongozi vijana walimwona mzee msumbufu. Ushirika uliporudishwa na KNCU kuanzishwa upya mwaka 1984, orodha ile ilitoka kwenye sanduku lake la bati, na ndiyo iliyowezesha chama chetu kudai ghala lake bila ubishi mrefu. Mizani haikupatikana.

Mnaokumbuka mtakubaliana nami kwamba pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye. Julai 1989 mgawo wa mauzo uliokuwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisitishwa, na bei duniani ikaporomoka kwa karibu nusu katika muda mfupi. Dawa za chule buni na kutu ya majani, magonjwa mawili makubwa ya mibuni, nazo zilipanda bei. Majirani wakaanza kuiacha mibuni ife kwa kutoipogoa, na wengine waliing'oa kimya kimya wapande nyanya au migomba mingi zaidi, ingawa kung'oa kulikatazwa. Babu hakumshitaki mtu. Alisema kwamba mwenye watoto wanaodaiwa ada haulizwi kwa nini ameng'oa mbuni.

Hata hivyo alikosana vibaya na mwanawe mmoja, baba yangu mdogo, katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliporuhusiwa. Wao walilipa taslimu papo hapo, hata kwa kahawa ambayo haijakauka sawasawa. Baba mdogo aliuza magunia mawili usiku bila kumwambia mzee. Kwa babu ule ulikuwa usaliti wa chama. Kwa baba mdogo, aliyekuwa na mtoto kitandani hospitali, malipo ya pili ya mwaka unaokuja yalikuwa hadithi. Leo nikiyapima mambo hayo naona baba mdogo alikuwa na haki zaidi kuliko tulivyomwambia wakati ule, na nadhani babu naye alilijua hilo, maana miezi michache baadaye alimpa fungu lake la kahawa aliuze atakako, bila kusema neno.

Mchangiaji kutoka Murang'a:

Shikamoo kwa wazee wote wanaopita kwenye uzi huu. Nikisoma habari za 1925 naona jinsi historia zetu zilivyotofautiana ingawa sote ni wakulima wa kahawa wa milimani, pande mbili za mpaka. Huku kwetu Mwafrika alizuiwa kulima kahawa kwa miaka mingi, isipokuwa majaribio machache ya miaka ya 1930 kule Meru, Embu na Kisii, na ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, tena katikati ya Hali ya Hatari, ndipo guka (babu) wangu alipopata miche yake ya kwanza. Jambo lingine: sisi tunapeleka kahawa mbichi kiwandani siku ile ile ya kuchuma na chama ndicho kinachoimenya na kuiosha. Ninyi kila nyumba ilikuwa kiwanda. Hamkupata shida ya ubora?

Mleta uzi:

Tulipata, tena sana. Kahawa ya nyumba moja iliyoachwa kwenye pipa usiku mmoja zaidi inanuka, na ikichanganywa kwenye gunia la chama inashusha daraja la wote. Ndiyo sababu babu alikuwa anaingia kwenye vihamba vya watu kuangalia mapipa yao, tabia iliyowaudhi wengi. Bomba lake la kupulizia dawa, la kubeba mgongoni, lilizunguka ukoo mzima kwa utaratibu ambao aliuandika kwenye daftari: nani amelichukua, tarehe gani, amelirudisha limeoshwa au halijaoshwa. Nimelipitia daftari hilo. Kurasa za mbele ni kilo na tarehe. Kurasa za nyuma ni bomba, mrututu, na ada. Mbele ya majina ya watoto kadhaa wasio wa ukoo wetu ameandika kiasi cha ada na shule, kisha safu ya marejesho imeachwa tupu, na hakuna mahali alipoandika kwamba amesamehe. Nilimwuliza baba kama wale walipaswa kulipa. Akanijibu kwamba wawili kati yao walikuja kuchimba nduwa upya bila kuitwa, na mzee hakuliandika hilo popote.

Mchangiaji kutoka Marangu:

Ndugu mleta uzi, pole kwa kumpoteza mzee, na hongera kwa kuandika vizuri. Nina swali ambalo natumaini hutalichukulia vibaya. Bibi yako yuko wapi katika habari hii? Mimi nimezaliwa kwenye kihamba na nimewaona mama zetu wakipanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare, wakichuma kahawa, wakiosha kahawa, wakigeuza vichanja, kisha siku ya malipo anayesimama dirishani ni baba. Ndizi na maziwa ndivyo vilivyokuwa vya mama. Na binti hakupata kihamba. Tunapowasifu babu zetu kuwa watu wa familia tuseme pia ni nani aliyewapa muda wa kwenda kwenye mikutano.

Mleta uzi:

Dada yangu, sichukulii vibaya, kwa kuwa swali hilo liliulizwa nyumbani kwetu kabla hujaliuliza wewe.

Bibi ndiye aliyekuwa na soko. Alibeba mikungu ya ndizi mshare hadi sokoni, na sukari, chumvi, mafuta ya taa na daftari za shule vilitoka kwenye ndizi hizo, si kwenye kahawa. Kahawa ilinunua bati na kulipa ada kubwa. Maisha ya kila siku yaliendeshwa na bibi. Usiku ambao babu alikaa mferejini na kandili, ng'ombe walikamuliwa na bibi, na kahawa iliyokuwa kwenye pipa aliiosha bibi. Yeye pia aliingiza mkono akasugua, na kwa ushahidi wa wanawe wote alikuwa na mkono sahihi zaidi kuliko wa babu. Hakuwahi kuwa na kadi ya uanachama kwa jina lake.

Kuhusu urithi, shangazi yangu mkubwa alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, akiwa na watoto. Kwa desturi kihamba cha nyumbani kilikuwa cha mtoto wa kiume wa mwisho, na mwanamke aliyerudi alikaa kwa hisani ya kaka zake. Babu aliitisha kikao cha ukoo na kumkatia shangazi kipande cha upande wa juu, chenye migomba na mistari kadhaa ya mibuni. Kaka zake walikataa, na mmoja alisusia kikao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwa imeshatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu, lakini sidhani kama kikao kile kiliijua, na babu hakuitaja. Hoja yake ilikuwa ya kihesabu: alisoma kutoka kwenye daftari siku ambazo shangazi alifanya kazi kwenye kihamba kile tangu aliporudi, kisha akawauliza wanawe wataje za kwao. Masale ya mpaka yalipandwa wiki ile ile. Nasikitika kusema kwamba bibi hakutajwa kwenye muhtasari wa kikao kile, isipokuwa pale palipoandikwa nani alipika.

Mchangiaji kutoka Muleba:

Nimesoma jibu hilo kwa dada wa Marangu mara mbili. Mkuu, malizia: alifariki vipi, na sasa kihamba na mfereji vina hali gani?

Mleta uzi:

Alifariki akiwa amepita miaka tisini, nyumbani, baada ya ugonjwa mfupi wa kifua, na amezikwa kihambani kama ilivyo desturi yetu. Msiba ulikuwa mkubwa, na sitaueleza sana kwa sababu wengi wenu mnaijua misiba ya mlimani. Niseme tu kwamba wazee wa mfereji walikuja na majembe badala ya fimbo, na kaburi hawakuwaachia vijana.

Mfereji una hali mbaya. Sehemu ya juu bado inapitisha maji, ya chini imekauka na baadhi ya watu wamejenga juu ya njia yake. Maji ya bomba yamepunguza uhitaji, vijana wako Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, na kaya nyingi zimebaki na wazee wawili au mmoja ambao hawawezi kusimama kwenye maji baridi kutwa nzima. Sisi tunaorudi Desemba tunachangia fedha za vibarua. Fedha zinapatikana, anayekosekana ni wa kuamka alfajiri kuhakikisha vibarua wamefika kwenye chanzo na hawakuishia njiani. Mwaka jana kazi hiyo ilifanywa na shangazi, ambaye kipande chake kiko upande wa juu na ndiye anayeumia kwanza maji yakikatika, na kwa mara ya kwanza jina la mwanamke limeingia kwenye orodha ya wasimamizi wa mfereji wetu.

Kihamba kikuu anacho baba mdogo wa mwisho. Ameondoa sehemu ya mibuni mizee na kupanda miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, inayostahimili chule buni na kutu ya majani, kwa hiyo bomba la mzee halizunguki tena kama zamani. Amejiunga na kikundi chenye mtambo wa pamoja wa kumenyea kahawa, jambo ambalo ndugu wa Murang'a atalifurahia. Yule baba mdogo aliyeuza magunia usiku ndiye katibu wa kikundi hicho, na ninasikia ni mkali sana kwenye mizani.

Daftari liko kwa shangazi. Ameanza kujaza safu ya marejesho kwa wale anaowafahamu, kwa kalamu ya rangi nyingine ili mwandiko wake usichanganyikane na wa mzee. Kama kuna mwanajamvi wa Uru ambaye mzazi wake alisomeshwa kwa ada ya mtu wa ukoo mwingine miaka ya 1960 hadi 1980, anitumie ujumbe wa faragha; tunayo majina manne ambayo hatujui ni ya nani.